Aproni ya Pili

Aproni yangu ya kwanza ilikuwa na ndege. Kitenge chake nilikinunua Kiyembe, kile kichochoro cha Kampala kilichojaa vitambaa na vyerehani, nikakipeleka Katwe tulikokuwa tukiishi na shangazi yangu, nikakikata usiku huohuo. Nilitaka ndege mmoja mweupe akae katikati ya mfuko, mabawa yamekunjuka. Kwenye kitambaa alikuwa amechorwa akiruka upande, kwa hiyo nikaukata mfuko mshazari ili yeye asimame wima. Mdomo wa mfuko niliukunja mara moja, nikaupitisha uzi mara moja, nikaubandika tumboni mwa aproni: mfuko mmoja mpana, wa kuingiza mikono yote miwili. Nilipoivaa asubuhi wanawake wa safu yetu sokoni walinisifu, mmoja akaniuliza nitamshonea lini ya kwake. Ilikuwa mwaka 2007, nilikuwa na miaka 19, na hazikuwa zimepita hata siku mia tangu nishuke basi la Bukoba lililonileta kupitia Mutukula.

Siku ya tatu pembe ya kulia ya mfuko iliachia. Nilikuwa napenya katikati ya watu kwenda kumlipa mtu aliyetuletea magunia ya dagaa, karai kichwani, mikono yote miwili imelishika, na sikuhisi kitu. Shilingi 85,000 za Shangazi, zimekunjwa na kufungwa kwa mpira, zilipita kwenye tundu la upana wa vidole vitatu. Nilirudi nyuma mara nne nikitazama chini. Anayeijua Owino anajua kwamba chini hakuonekani, kuna miguu tu.

Jioni nilimweleza Shangazi nikilia. Hakunifokea. Aliishika ile pembe iliyoachia, akaipindua, akautazama uzi kwa ndani. "Mwanangu," akasema, "hapa ulishona picha." Kisha akaniambia nikalale, kesho tungekwenda kwa Jajja.

Owino ni jina la mdomoni. Kwenye karatasi soko linaitwa la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa kasri la Kabaka Mwanga, aliyeuawa huko Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza katika mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Soko lilianza 1971 ubavuni mwa uwanja wa mpira wa Nakivubo. Yule Owino mwenyewe, wanavyosimulia wazee wa pale, alikuwa mtu wa kawaida aliyefanya biashara yake hapo kabla watu hawajawa wengi, na jina lake ndilo wachukuzi wanalopigia kelele mpaka leo. Kijito cha Nakivubo siku hizi ni mfereji, na Kampala ikipigwa na mvua kubwa maji yake hupanda. Ukiingia kwa upande wetu wa chakula unapita maharage, karanga, na dagaa ambao Waganda huwaita mukene. Ukiendelea, pua ndiyo inayokuambia umefika kwenye nguo: harufu ya vazi lililokaa muda mrefu ndani ya robota, ya dawa na vumbi na sabuni ya nchi nyingine. Hiyo ndiyo mivumba, ambayo sisi Watanzania tunaita mitumba. Pembeni mwa mivumba wamejipanga mafundi na vyerehani vyao vya miguu, ili mtu akinunua suruali pana kwa huyu amgeukie huyu aipunguze, aondoke nayo imemkaa.

Jajja alikuwa mmoja wa mafundi hao. Kwa Kiganda jajja ni bibi au babu, na huyu alikuwa bibi wa kila mtu katika safu ile. Alikuwa na Kiswahili, jambo ambalo kwangu lilikuwa kama maji ya kunywa. Kiganda nilikuwa nakibahatisha kwa kukipitisha kwenye Kihaya, lakini kila nilipofungua kinywa kwa Kiswahili watu wa umri wake walikuwa wakijikunja kidogo, kwa sababu wengi wao walikisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Jajja yeye alikipata kwa marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli enzi za shirika la Afrika Mashariki, walipokuwa wakikaa nyumba za reli Nsambya. Kilikuwa Kiswahili cha kukata moja kwa moja, hakina mapambo, kama mkasi wake.

Kwanza hakutaka kuiona aproni yangu. Alisema angekuja yeye kwenye meza yetu. Alikuja saa nne asubuhi, wakati wateja wamesongamana, akaagiza makopo mawili ya dagaa, akalipa kwa noti kubwa. Nikampimia, nikamrudishia chenji. Akaondoka hatua chache, akarudi, akaagiza tena kopo moja na noti kubwa nyingine. Mara ya tatu nilianza kuudhika kimoyomoyo, nikidhani uzee umemchosha. Kumbe alikuwa anatazama mikono.

"Kopo unashika kwa kulia," akaniambia. "Pesa unatia kwa kulia. Kila mtu akilipa, kopo linakwenda chini kwanza. Mkono wa kushoto unafanya nini? Unalala."

Ndivyo ilivyokuwa, wala sikuwahi kujiona. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umejaa ungaunga wa dagaa na mafuta yao, na kwa mkono huohuo nilikuwa nachimba noti zote kutoka kwenye shimo moja, nazitoa nje, nazipanga hadharani mbele ya macho ya kila apitaye, nachagua, narudisha zilizobaki. Ndege wangu mweupe alikuwa ameshageuka kijivu. Hata kama ile pembe isingeachia, mfuko ule ungeniibia kwa njia nyingine.

Baada ya hapo alinirushia suruali ya jinzi isiyouzika, iliyochanika makalioni, na wembe. "Fumua mfuko wa nyuma. Kitambaa usikate." Nilikaa kwenye kigoda kando ya cherehani yake hadi adhuhuri. Ukitaka kujua jinsi kitu kilivyoshonwa, kukitazama hakutoshi. Kifumue, uzi mmoja baada ya mwingine, na ushindane na mtu aliyekishona. Mdomo wa mfuko ule ulikuwa umekunjwa mara mbili, ncha mbichi ya kitambaa imefichwa ndani kabisa, halafu zimepita njia mbili za uzi sambamba. Kwenye pembe za juu, pale mkono unapoingilia, uzi ulikuwa umekwenda na kurudi hapo kwa hapo mara nyingi mno mpaka umekuwa kama kijiti kigumu. Wembe uliteleza juu yake. Na kwenye mifuko ya mbele, juu ya kijiti hicho, kulikuwa na ribiti ya shaba, kichwa chake duara kama punje ya dengu.

Miaka mingi baadaye nilisoma ribiti hiyo ilikotoka. Fundi mmoja aliyeitwa Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, alikuwa na duka la ushonaji mji wa Reno, Nevada, huko Marekani. Mnamo 1870 hivi mwanamke mmoja, mke wa mkata kuni, alimjia akitaka suruali ya mumewe ambayo mifuko haitachanika. Davis alikuwa na ribiti za shaba alizokuwa akifungia mikanda ya mablanketi ya farasi, akazipigilia kwenye pembe za mifuko. Zilipopendwa, alimwandikia muuzaji wa vitambaa vyake huko San Francisco, Levi Strauss, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza kwa pamoja. Dunia inayajua majina ya wanaume hao wawili. Mimi nilipoimaliza habari hiyo nilibaki namfikiria yule mwanamke, aliyekuwa akiziba tundu lilelile kila wiki hadi akachoka akaenda kwa fundi kudai. Hasira yake ilitufikia Owino ndani ya robota.

Kabla ya kuja Kampala sikuwa nimefikiri juu ya mifuko hata siku moja. Nyumbani Bukoba mama hakuwa nayo. Pesa alifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo lililokazwa kwa meno, na zikizidi akazitia kibindoni. Kiswahili kina neno kibindo kwa sababu wanawake wetu, na wanaume wa zamani wenye shuka, walilihitaji: ule mkunjo wa kiunoni ambao nguo yenyewe huwa sanduku. Ni akili kubwa, na kwa safari ya kwenda gulioni na kurudi inatosha. Lakini mtu anayepokea na kurudisha pesa kutwa nzima hawezi kufungua fundo kwa meno kila dakika. Gomesi nayo, vazi la heshima la Waganda lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, ambalo limebeba jina la Gomes, fundi wa Kigoa aliyefanya kazi Kampala enzi za wakoloni, nilizoziona mimi hazina mfuko wa kutia mkono. Kwa hiyo sokoni utaona pesa zikikaa kifuani, ndani ya soksi, chini ya mzani, ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa gunia. Kila mwanamke ana maficho yake, na kila maficho yana mtu anayeyajua.

Shangazi alikuwa na sababu yake ya kutaka mfuko, aliyonieleza usiku mmoja tukichambua dagaa kwa taa. Mumewe wa kwanza alikuwa hampigi wala hamtukani. Alikuwa akifika tu pale mezani jioni, anafungua kopo, anahesabu, anachukua. "Kopo ni la nyumba," alisema Shangazi. "Aproni ni yangu. Mtu hawezi kutia mkono kwenye aproni niliyoivaa bila kunigusa mimi." Sikujua la kujibu. Nilianza kushona ya pili kwa adabu zaidi.

Hiyo ya pili niliishona nyumbani, kwa cherehani ya mkono ya Shangazi, Singer nyeusi ambayo maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale kiganja kinapopita. Kitambaa kilikuwa jinzi mbili za kiume, kubwa, kutoka mivumba. Mshono wa ndani wa mguu wa jinzi nilizopata ulikuwa umekunjwa na kupigwa uzi mara mbili. Ukijaribu kuufumua utapoteza siku nzima. Nilifumua wa nje, ule mwepesi, mguu ukafunguka ukalala kama kanga nyembamba ndefu, na ule mshono mgumu ukabaki umepita katikati kama uti wa mgongo. Miguu miwili niliiunganisha ubavu kwa ubavu, nikapata kipande cha kutosha kuanzia kifuani hadi chini ya magoti. Nyuzi za urefu zilikuwa zinashuka wima. Hilo nililiangalia kuliko chochote, kwa sababu Jajja aliuvuta mbele yangu ule mfuko wangu wa kitenge kwa pembe zake mbili, ukanyooka kama mpira. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika. Ni kizuri kwa kuzungushia shingo ya blauzi, lakini ukikipa mzigo kinashuka, na mdomo wa mfuko ukilegea pesa zinachungulia nje.

Mfuko nilipima kwa kiganja. Jajja aliniambia niweke mkono juu ya jinzi, niuzungushie chaki kuanzia kwenye kifundo, kisha niongeze upana wa kidole gumba kila upande. Kwangu ilitoka inchi 8 kwenda chini na inchi 6 upana. Ukifanya wenye kina zaidi ya hapo, unachimba. Ukifanya mfupi, ukiinama kufunga gunia sarafu zinamwagika. Halafu akanikalisha. Watu wengi hushona aproni wamesimama, wakapima wamesimama, na kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye kigoda na kunyanyuka mara mia kwa siku. Nikikaa, ule mstari niliouchora uliangukia kwenye mkunjo wa paja, mdomo ukajifunga kabisa. Tukaushusha inchi 3, na tukauhamishia upande wa kushoto, kwa ajili ya ule mkono uliokuwa umelala.

Ikawa mifuko minne. Miwili ya mbele kushoto, iliyotengwa kwa mshono mmoja katikati, noti ndogo na kubwa zisikutane. Mmoja wa kulia, mpana, wa sarafu na daftari la madeni. Wa nne ulikuwa ndani, nyuma ya kifua, ukigusa mwili, una mfuniko na kifungo. Humo zinaingia pesa za mali ya kesho, na hazitoki mbele ya mteja. Bitana zake nilikata kwenye merikani. Neno hilo bado linanigusa: kitambaa cheupe kibichi kilichokuwa kikiletwa Zanzibar kutoka Marekani karne ya 19, kikasambaa bara mpaka kikawa kama fedha ya kununulia vitu, na wenyeji wakakiita kwa jina la walikotoka wenye nacho. Aproni yangu ilikuwa na Marekani ya zamani kwa ndani na Marekani ya robota kwa nje, na kati yake uzi wa Kampala.

Niliteseka pale ambapo mfuko ulikutana na ule uti wa mgongo. Hapo jinzi inakuwa na tabaka sita au zaidi, na sindano ya kawaida inavunjika kwa mlio unaoogopesha. Nilivunja mbili. Ya tatu nilinunua namba 18, ya jinzi, na kabla ya kuitumia nilikwenda kwa jirani yetu mpiga chuma, Katwe haikosi nyundo, nikafunga mshono kwa kitambaa na kuugonga juu ya jiwe mpaka ukalala. Kisha cherehani niliiendesha kwa kuzungusha gurudumu taratibu, nusu mzunguko, nusu mzunguko, nikiisikiliza. Fundi anayeharakisha hapo anajikuta amekaa kusubiri duka la sindano lifunguliwe.

Mikanda ndiyo Jajja aliyoifikiria kwa muda mrefu kuliko yote. Aproni nyingi hutundikwa shingoni kwa kitanzi. Jaza mifuko minne sarafu, halafu uvae hivyo tangu alfajiri hadi giza: jioni shingo haigeuki. Alinifanya nishone mikanda miwili mipana ipite mabegani, ikutane mgongoni kama alama ya kuzidisha, na kuteremkia kiunoni. Mizigo yote ikahamia mabegani, ambako wanawake wa kwetu wameizoea. Mwishoni nikaongeza kitanzi kidogo ubavuni cha kuning'iniza kitambaa cha kufutia mikono, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Jajja alikiona kitanzi hicho, akakishika kwa vidole viwili, akatikisa kichwa mara moja. Nimewahi kupata vyeti tangu siku hiyo, lakini kile ndicho ninachokikumbuka.

Pembe zote nilizikaza kwa kwenda na kurudi. Ribiti sikuwa nazo.

Februari 2009 Owino iliungua. Habari ilitufikia nyumbani, na tulipofika tulisimama mbali pamoja na maelfu ya wenzetu, tukitazama moshi juu ya mahali tulipojua kila ubao. Safu za nguo zilikwenda, zetu za chakula kwa sehemu kubwa zilikwenda. Watu walilia kwa majina ya mali zao. Wengi walikuwa wameacha pesa ndani ya vibanda, kwenye makopo na magunia, kwa sababu kutembea nazo usiku ni kujitafutia kifo, na benki ilikuwa mbali na maisha yao. Shangazi hakuacha kitu. Tangu nimshonee yake alikuwa akivua aproni nyumbani tu, na ule mfuko wa ndani ulikuwa na pesa za magunia mawili. Siku tisa baadaye tulikuwa tumetandika turubai juu ya majivu na tunauza. Aliwakopesha wanawake watatu wa safu yetu kutoka mfuko uleule, bila karatasi. Wote walilipa.

Cherehani ya Jajja iliungua. Mwili wa chuma ulibaki, mweusi, gurudumu halizunguki. Hakurudi sokoni, wanawe walimchukua kijijini upande wa Masaka, na nilimwona mara mbili tu kabla ya kifo chake. Mara ya mwisho aliniuliza kama bado navunja sindano.

Baada ya moto nilianza kushonea wengine. Kazi ilinitafuta yenyewe, kwa kuwa habari za mfuko wa Shangazi zilizunguka soko. Nikajifunza kwamba aproni haimaliziki, inafuata maisha. Machi 2009 MTN walileta kutuma pesa kwa simu, na ndani ya mwaka kila mteja wangu alitaka mfuko wa simu, juu kifuani, usikutane na maji wala magamba ya samaki, uwe unaosikika ukitetemeka. Mwaka 2010 zilitoka noti mpya, na ndani yake mlikuwa na ya elfu mbili ambayo hatukuwa nayo. Noti moja tu, lakini iliwafanya wanawake waniletee aproni nizigawe upya mifuko. Wachoma muhogo walitaka kitambaa kisichoshika moto haraka, hivyo hapana kwa yale mapazia ya plastiki yanayong'aa. Muuza mafuta ya taa mmoja alikataa mifuko ya mbele kabisa.

Katika miaka hiyo nimesikia mara nyingi kwamba jinzi zangu zitapigwa marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo kuukuu ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kodi chini ya mpango wa AGOA, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na 2018 ikasimamishwa kuuza nguo zake huko bila ushuru. Agosti 2023 Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza kwamba mivumba sasa basi. Siku hiyo Owino kulikuwa na ukimya wa ajabu, kisha watu wakaendelea kufungua marobota.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka na sitaki kulifanya jepesi. Uganda inalima pamba tangu mwanzo wa karne iliyopita, na Jinja ilikuwa na kiwanda cha Nyanza, Nytil, ambacho shuka zake mama yangu alizisifu ng'ambo ya mpaka. Inauma kuona pamba nzuri ikiondoka ghafi na kurudi imechakaa kwenye makalio ya mtu mwingine. Wanaosema robota linaua kiwanda hawasemi uongo. Ila wanaposema mivumba ni takataka tu, ninawaomba waje wakae saa moja kando ya mafundi wa Owino. Kuna mbunifu wa hapa Kampala, Bobby Kolade, ambaye kampuni yake ya Buzigahill inazifumua nguo hizo, inazishona upya na kuziuza zilikotoka. Mafundi wa sokoni walikuwa wanafumua na kushona kabla yake, bila jina wala lebo, kwa ajili ya mwanafunzi anayehitaji kaptura kesho. Ujuzi huo ni kiwanda tayari. Siku ya kulijenga jengo, waanze na watu hawa.

Sasa ninaishi Kampala hiihii, nina cherehani ya umeme na ya miguu, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho karakana. Bado sipimi mtu kabla sijanunua kitu kwake. Wiki iliyopita alikuja msichana anayeuza nyanya, akataka aproni "kama ya yule mama wa mukene". Nilimwambia aende, ningemfuata mezani kwake. Nikanunua mafungu mawili, nikalipa noti ya elfu ishirini, nikamtazama. Mkono wa kulia unapanga, wa kushoto unapokea. Vizuri. Nikaanza kuchora kichwani: mifuko ya mbele kushoto, wa ndani kifuani, mikanda ipite mabegani ikutane nyuma.

Ndipo kitoto kilipolia chini ya meza. Akakiinua, akakitupia mgongoni, akakifunga kwa kanga kwa ule mzunguko mmoja ambao hata hauangalii, akaendelea kupanga nyanya. Tumbo la mtoto lilikuwa limekaa barabara pale ambapo mikanda ya Jajja inakutana. Fundo lingemkandamiza kitovu kutwa nzima, na mifuko ikijaa ingevuta zaidi.

Nilisimama nimeshika nyanya zangu. Mikanda ikienda ubavuni, mizigo inarudi shingoni. Ikifungwa kwa mbele, inakutana na kanga. Labda mabega yapanuliwe kama ya fulana, isiwe mikanda kabisa, na kufungwa kuwe pembeni, chini ya kwapa, kwa vifungo viwili.

"Dada," nikamwambia, "mfungue mtoto halafu umfunge tena. Polepole. Nataka kuona kanga inapita wapi."

Akanitazama kidogo, akaifungua kanga, akaanza upya. Nikatoa chaki.